Sindano ya adrenalini: Mambo ya kuzingatia kabla ya kuitumia

MAELFU ya wakazi wa Likoni huvuka mlango wa bahari wa Kilindini kwa feri kila siku, ilhali wenzao wa Kisauni hupitia daraja la Nyali na wale wa Changamwe hupitia Makupa ili kuingia kisiwani Mombasa. Kwa mtu mzima wa afya, kukawia nusu saa kwenye foleni ni karaha tu. Kwa mtu ambaye koo lake linavimba baada ya kuumwa na nyuki, kula kamba au kudungwa sindano ya penisilini, nusu saa hiyo yaweza kuamua iwapo ataishi au la.

Dawa inayotegemewa kumwokoa mtu wa namna hiyo ni moja: adrenalini, ambayo pia huitwa epinefrini. Ni dawa ya zamani, inafahamika kwa kila daktari, na haigharimu sana inapouzwa katika ampuli. Hata hivyo ni dawa yenye nguvu, na wengi huiogopa. Wapo wanaoitumia mahali isipohitajika au kwa kipimo kisicho sahihi, na wapo wanaoichelewesha kwa woga hadi mgonjwa anakata roho. Makosa yote mawili huzuilika iwapo mgonjwa, jamaa zake na mhudumu wa afya watayafahamu mambo kadhaa mapema.

Mzio unaoua

Mzio, au aleji kama wengi wanavyouita, ni hali ambapo kinga ya mwili hukichukulia kitu kisicho na madhara kwa wengine kama adui. Mara nyingi matokeo yake ni mafua, kuwashwa au vipele. Lakini kwa baadhi ya watu mwili mzima hushambuliwa kwa wakati mmoja: mishipa ya damu hulegea na kuvujisha maji, presha hushuka ghafla, njia za hewa hubana na koo huvimba. Hali hiyo huitwa anafilaksia.

Jina hilo lilibuniwa mwaka 1902 na wanasayansi wawili wa Ufaransa, Charles Richet na Paul Portier. Mwaka mmoja kabla, wakiwa baharini katika meli ya Mwanamfalme Albert wa Kwanza wa Monaco, walianza kuchunguza sumu ya viumbe wa baharini wanaofanana na konyeza. Waliporudi Paris waligundua kwamba mbwa aliyestahimili sumu ya mara ya kwanza angeweza kufa kwa dakika chache akipewa tone dogo tu baada ya majuma kadhaa. Richet alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1913 kwa kazi hiyo.

Funzo la ugunduzi huo lingali na maana kwa mkazi wa pwani. Mtu anaweza kula kaa au kamba kwa miaka mingi, au kuumwa na nyuki mara kadhaa bila tatizo, kisha siku moja mwili ukageuka. Kwa hiyo usemi kwamba "mbona siku zote anakula" si ushahidi kwamba anachougua si mzio.

Visababishi vikuu duniani ni vyakula, sumu ya wadudu na dawa. Katika mitaa ya bara ya Mombasa vyote vitatu vipo. Kamba, kaa, ngisi na samaki ni chakula cha kila siku, na karanga na korosho huuzwa kandokando ya barabara. Nyuki hufugwa hata ndani ya mikoko ya mkono wa bahari wa Tudor. Penisilini na dawa za maumivu kama aspirini na diklofenaki hutumiwa kila pembe. Hata dawa ya kuzuia sumu ya nyoka, inayookoa maisha, yenyewe yaweza kuleta anafilaksia, ndiyo maana mhudumu hutakiwa kuwa na adrenalini karibu kabla ya kuidunga.

Wakenya wengi walikutana na tahadhari hii bila kuifahamu mwaka 2021, chanjo ya Covid-19 ilipoanza kutolewa nchini mwezi Machi. Kila aliyechanjwa aliombwa aketi kwa dakika 15 kabla ya kuondoka. Muda huo ulikuwa wa kuangalia iwapo dalili za anafilaksia zingejitokeza, adrenalini ikiwa tayari mezani.

Kwanza, hakikisha ni anafilaksia

Jambo la awali la kuzingatia ni kutambua hali yenyewe. Dalili huanza kwa dakika chache, na nadra kupita saa mbili baada ya mtu kukutana na kilichomdhuru. Ngozi huweza kuwa na mabaka yanayowasha, midomo, ulimi au macho huvimba. Kinachopaswa kuwashtua watu ni dalili za koo, kifua na mzunguko wa damu: sauti kukwaruza, kushindwa kumeza, kukoroma wakati wa kuvuta pumzi, kifua kubana, kizunguzungu, kuwa baridi na kutota jasho, au kuzimia. Kutapika na maumivu makali ya tumbo vikiambatana na dalili hizo huongeza uzito.

Vipele pekee, bila shida ya kupumua wala kizunguzungu, kwa kawaida havihitaji adrenalini. Hapo dawa za mzio za kumeza hutosha, ila mgonjwa asiachwe peke yake. Kwa upande mwingine, kukosekana kwa vipele hakumaanishi kwamba si anafilaksia. Baadhi ya wagonjwa huanguka kabla ngozi haijaonyesha lolote.

Zipo hali zinazofanana nayo. Anayezirai kwa kuogopa sindano huwa mweupe, mapigo ya moyo hupungua, na akilazwa chini hupata nafuu haraka. Mwenye pumu anaweza kubanwa kifua bila mzio mwingine. Jodari na samaki wa jamii yake wasiohifadhiwa kwenye barafu hujenga histamini, na walaji huwashwa na kuwa wekundu kana kwamba wana mzio. Ishara ni kwamba watu kadhaa waliokula samaki yule yule huugua pamoja. Aidha, baadhi ya watumiaji wa dawa za presha kama enalapril huvimba midomo na ulimi kutokana na dawa yenyewe, bila kuwashwa, na uvimbe huo hausikii vyema adrenalini. Hao wahitaji hospitali kwa haraka.

Inapokuwa vigumu kutofautisha na mgonjwa anazidiwa, miongozo ya tiba huelekeza kutoa adrenalini. Dozi sahihi iliyodungwa kwenye misuli kwa makosa mara chache humdhuru mtu, lakini anafilaksia iliyoachwa huua.

Saa haimsubiri mgonjwa

Uharaka huo una ushahidi. Daktari Richard Pumphrey wa Manchester, Uingereza, aliyachunguza mafaili ya watu waliofariki kwa anafilaksia nchini humo na kuchapisha matokeo mwaka 2000. Muda wa kati tangu kukutana na kisababishi hadi moyo au pumzi kusimama ulikuwa dakika 30 kwa vyakula, dakika 15 kwa sumu ya wadudu, na dakika 5 kwa dawa zilizotolewa hospitalini.

Tarakimu hizo zikilinganishwa na safari ya kutoka Mtongwe hadi Hospitali Kuu ya Pwani, hesabu haikubali. Kuna mwendo wa tuk-tuk au bodaboda hadi kivukoni, kuna foleni, kuna kuvuka, kisha kuna msongamano wa kisiwani. Anayeumwa na nyuki huko Likoni hana dakika hizo. Vivyo hivyo kwa mkazi wa Utange au Bamburi saa za magari mengi kwenye daraja la Nyali, na kwa wa Changamwe wakati malori ya bandarini yameziba barabara.

Maana yake ni kwamba mgonjwa asikimbizwe kisiwani kabla ya kudungwa. Apelekwe kwanza kituo cha afya kilicho karibu zaidi, iwe hospitali ya Likoni, ile ya Port Reitz, au kituo chochote cha Kisauni kilicho wazi. Safari ya kuvuka ifuate baada ya sindano. Nambari ya dharura ya Shirika la Msalaba Mwekundu, 1199, pamoja na 999 na 112, inafaa ihifadhiwe katika simu ya kila mwenye mzio mkali.

Wanaohitaji uangalifu zaidi

Adrenalini hutengenezwa na mwili wenyewe katika tezi zilizo juu ya figo. Mkemia Mjapani Jokichi Takamine, aliyekuwa akifanya kazi Marekani, aliitenga ikiwa safi mwanzoni mwa karne ya 20. Hubana mishipa iliyolegea na hivyo kupandisha presha, hufungua njia za hewa, huongeza nguvu za moyo na kuzuia chembe za mwili kumwaga kemikali zaidi za mzio. Nguvu hiyo hiyo ndiyo huleta madhara yake: moyo kwenda mbio, kutetemeka, uso kupauka, kichwa kuuma na wasiwasi. Kwa kawaida hayo hupita kwa dakika chache.

Kabla dharura haijatokea, mwenye mzio mkali amweleze daktari wake iwapo ana ugonjwa wa moyo, presha ya kupanda, kisukari au tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi. Wagonjwa hao huweza kupata maumivu ya kifua, mapigo yasiyo ya kawaida au sukari kupanda baada ya sindano.

Dawa anazotumia nazo zitajwe. Propranolol na atenolol, zinazotumiwa kwa presha na moyo, huweza kuifanya adrenalini isifanye kazi ipasavyo, na hospitali huenda ikahitaji dawa nyingine ya ziada. Amitriptilini na baadhi ya dawa za msongo wa mawazo huongeza ukali wake kwa moyo. Vilevile mgonjwa asimfiche mhudumu iwapo ametafuna miraa au muguka, bidhaa iliyozua mzozo mkubwa Mei 2024 serikali ya Kaunti ya Mombasa ilipoipiga marufuku. Kemikali zake huusukuma moyo na presha kwa njia inayokaribiana na ya adrenalini.

Pamoja na yote hayo, ni muhimu isisomwe visivyo. Hakuna hata moja kati ya hali hizo inayozuia kabisa adrenalini katika anafilaksia inayohatarisha maisha. Mwenye moyo mbovu atadhurika zaidi kwa kukosa hewa na damu kuliko kwa sindano. Mjamzito pia hudungwa, kwa kuwa presha ya mama ikianguka mtoto tumboni hukosa hewa. Alazwe ubavu wa kushoto. Mwenye pumu ndiye aliye katika hatari kubwa zaidi ya kufa, na dawa yake ya kuvuta haichukui nafasi ya sindano.

Kipimo na mahali pa kudunga

Makosa mengi mabaya hutokana na kipimo na njia. Ampuli ya kawaida huwa na miligramu 1 katika mililita 1. Miongozo ya Uingereza huelekeza miligramu 0.5, yaani nusu ya ampuli, kwa mtu mzima na mtoto aliyepita miaka 12, miligramu 0.3 kwa wa miaka 6 hadi 12. Na miligramu 0.15 kwa aliye kati ya miezi 6 na miaka 6. Dozi inaweza kurudiwa baada ya dakika 5 iwapo hapana nafuu.

Mahali pake ni misuli ya upande wa nje wa paja, katikati. Haifai matakoni wala chini ya ngozi, kwani huko hufyonzwa polepole. Hatari kuu ni kuidunga dawa hiyo nzito moja kwa moja katika mshipa wa damu: moyo huweza kupiga ovyo na hata kusimama, na presha kupanda kiasi cha kupasua mishipa ya ubongo. Njia ya mshipa ni ya wataalamu wa wagonjwa mahututi, kwa dawa iliyozimuliwa, mgonjwa akiwa kwenye mashine ya kupima moyo.

Mkanganyiko uliongezwa na maandishi ya uwiano, moja kwa elfu na moja kwa elfu kumi, ambayo yaliwakosesha hata wahudumu wenye uzoefu. Marekani iliyaondoa katika lebo mwaka 2016 na kubakisha miligramu kwa mililita. Mhudumu anashauriwa aisome miligramu hiyo kwa sauti mbele ya mwenzake kabla ya kuvuta dawa.

Kosa jingine ni kumpa mgonjwa Piriton au haidrokotisoni kwanza na kuiweka adrenalini akiba. Piriton hutuliza mwasho, lakini haipandishi presha wala haifungui koo. Haidrokotisoni huchukua saa kadhaa kufanya kazi. Miongozo ya Uingereza ya mwaka 2021 iliziondoa zote mbili katika tiba ya awali.

Kalamu ya kujidunga

Katika nchi tajiri, wenye mzio hutembea na kalamu iliyojazwa dozi moja, maarufu zaidi ikiwa EpiPen, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1987. Ya miligramu 0.3 ni kwa mtu wa kilo 30 au zaidi, na ya 0.15 kwa mtoto wa kilo 15 hadi 30. Mwaka 2016 bei ya pakiti ya kalamu mbili ilifika takriban dola 600 nchini Marekani na kuzua malalamiko hadi bungeni. Barani Afrika ni nadra kuzipata. Agosti 2024, Marekani iliidhinisha adrenalini ya kunyunyiza puani, hatua inayoweza kuwafaa wanaoogopa sindano.

Aliyeletewa kalamu na ndugu walio ng'ambo asome maelezo yake siku anapoipokea, kwa sababu aina hutofautiana. Kwa EpiPen, kifuniko cha buluu huondolewa, ncha ya rangi ya chungwa hukandamizwa kwenye paja hadi mlio usikike, kisha hushikiliwa kwa sekunde 3. Inaweza kupita katika kanga au suruali, ila funguo na simu zitolewe mfukoni. Mguu wa mtoto ushikwe imara, kwani akirusha mguu sindano humchana.

Kidole gumba kisiwekwe kwenye ncha yoyote. Wapo waliojidunga kidoleni kwa kuishika kinyume. Adrenalini hubana mishipa, na kidole huwa cheupe na baridi. Aliyepatwa na hilo aende hospitali mara moja.

Joto la Mombasa

Adrenalini huharibiwa na joto, mwanga na hewa. Watengenezaji hushauri ihifadhiwe katika nyuzi 20 hadi 25 za Selsiasi, ikiruhusiwa kufika 30 kwa muda mfupi. Februari na Machi, kivulini tu Mombasa huweza kupita 30, na ndani ya gari lililofungwa au chini ya kiti cha bodaboda joto huwa kubwa zaidi. Isiachwe huko, wala isitiwe katika friji au barafu. Ibaki katika bweta lake, kwenye mfuko usiopitisha joto, mahali penye ubaridi nyumbani, na iende popote mwenyewe aendapo.

Kila mwezi itazamwe. Dawa nzuri haina rangi. Ikiwa ya kahawia au waridi, au ikionyesha chembechembe, ibadilishwe. Tarehe ya mwisho pia iangaliwe. Hata hivyo, ikiwa mgonjwa yuko hatarini na iliyopo ni iliyopita tarehe lakini ingali angavu, wataalamu hushauri itumike kuliko kukosa kabisa. Dawa inunuliwe kwa cheti cha daktari, katika duka lililosajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu.

Kabla na baada ya sindano

Mgonjwa alazwe chali na miguu iinuliwe. Anayehema kwa shida aweza kuketi akiwa amenyoosha miguu, na anayetapika alazwe ubavu. Asisimamishwe wala kutembezwa hata akijiona ana nafuu, maana wapo waliokufa ghafla waliposimama. Asibebwe basi katikati ya bodaboda akiwa wima ikiwa gari linaweza kupatikana. Mwiba wa nyuki uondolewe upesi kwa njia yoyote. Desturi ya kumnywesha maziwa iachwe, kwani koo linalovimba humfanya apaliwe.

Nafuu baada ya sindano si mwisho wa safari. Nguvu ya dawa hupungua kwa muda mfupi, na dalili huweza kurudi baada ya saa chache hata bila kukutana tena na kisababishi. Kwa hiyo mgonjwa huhitaji kuangaliwa hospitalini kwa saa kadhaa, au usiku kucha aliyezidiwa sana. Hapo ndipo safari ya kuvuka kwenda Hospitali Kuu ya Pwani inapokuwa na maana.

Kwa waliofunga Ramadhani, wanazuoni wengi wa Kiislamu husema sindano isiyo ya lishe haibatilishi saumu, na mgonjwa aliye hatarini anaruhusiwa kufungua. Saumu isiwe sababu ya kuchelewesha tiba.

Mpango huandaliwa mapema

Aliyewahi kupata anafilaksia anahitaji mpango ulioandikwa: anachodhurika nacho, dawa anazotumia, kituo cha karibu chenye adrenalini mchana na usiku, na usafiri wa saa hizo. Nakala ibaki kwa mwalimu wa shule na wa madrasa, na kwa jirani. Ni vyema jamaa wapite katika kituo hicho siku ya amani na kuuliza kama ampuli zipo na ni nani huzitunza wakati mfamasia ameondoka.

Vituo navyo vina wajibu. Zahanati inayodunga penisilini au kutoa chanjo haina udhuru wa kukosa adrenalini juu ya meza, pamoja na bomba dogo la sindano na karatasi ya vipimo ukutani. Mhudumu anayeanza kutafuta ufunguo wa kabati mgonjwa akiwa ameshaanguka amekwisha kuzipoteza dakika ambazo feri, daraja na barabara haziwezi kumrudishia.